Inakimbilia Wapi Ndege ya Rose

Barabara inayoshuka kwenda soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba jijini Mwanza, inapita mbele ya duka la Jitesh la feni na vifaa vya umeme. Duka lina baraza pana, na barazani pana benchi ambalo mtu mwenye shughuli zake hulikwepa, maana ukikaa hutoki. Luhende muuza kahawa hutua birika lake pale kabla jua halijawa kali, na harufu ya kahawa hugombana na harufu ya dagaa wanaopandishwa kwa mikokoteni. Wenyeji wa benchi ni watatu. Mzee Chenge kazeekea kwenye meli ya mizigo, na wanamwita Kapteni ingawa kazi yake ilikuwa kufunga kamba. Obedi ni wa bodaboda. Huyo wanamwita Gia, kwa kuwa kila jambo duniani yeye hulieleza kwa gia. Wa tatu ni Jitesh mwenyewe, Bwana Feni, ambaye yuko radhi wateja wamsubiri dukani mpaka hoja iishe. Jumamosi hiyo walikuwa wanamsubiri Rose, na kila mmoja alishafunga maneno yake tayari.

Rose alifika kwa miguu, mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Alikuwa fundi wa ndege kule kiwanjani, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kwa miaka mingi alikuwa akijenga ndege yake mwenyewe nyumbani kwake Buswelu: ndege ndogo ya viti viwili, ya mabomba ya aluminiamu na kitambaa kigumu. Mzee Chenge ndiye aliyeshona kitambaa cha mabawa, kwa mshono wa matanga. Jitesh alitoa nyaya. Obedi alibeba madumu ya petroli. Wakaguzi walikuja, wakapekua kila msumari, wakatoa kibali cha majaribio, na ndege ikaruka mara kadhaa juu ya kiwanja cha nyasi nje ya mji. Benchini iliitwa "ndege yetu". Jana yake ilikataa kupaa.

— Shikamoo, Mzee Chenge.

— Marahaba, mwanangu. Pole na ajali.

— Haikuwa ajali, mzee. Haikupaa tu.

— Ndege isiyopaa, dada Rose, hiyo ni bajaji yenye mabawa, Obedi akasema.

Hakuna aliyecheka. Obedi akaingiza uso kwenye kikombe. Luhende akammiminia Rose kahawa bila kuulizwa, naye akaipokea kwa mkono mzima. Alikuwa na neno moja tu la kuwaambia, alilibeba tangu Buswelu, lakini benchi lile halikumpa mtu nafasi ya kusema neno moja tu.

— Tueleze basi, Jitesh akasema. — Hapa kila mtu ana habari yake. Mimi nimeambiwa umeanguka ziwani.

Rose akaeleza. Shida ya ndege ilikuwa tumbo, ilikunywa sana. Kwa tangi lile ingeweza kufika upande wa pili wa kisiwa cha Ukerewe, ikatupa jicho, ikageuza. Ukiongeza tangi unaongeza uzito, na uzito nao unakunywa. Basi akaenda kwenye propela. Ya kwake ilikuwa na panga mbili za mbao zinazoweza kugeuzwa ndege ikiwa chini: unalegeza boliti, unazungusha panga kidogo, unakaza. Panga likilalia bapa linakata hewa kidogo, mashine inazunguka kirahisi, ndege inapaa upesi. Ukilisimamisha, linang'ata hewa nyingi kila mzunguko. Mashine inazunguka polepole, na huko juu, ukishashika mwendo, mafuta yanaokolewa.

— Nilizisimamisha mno, akasema. — Ikakimbia kwenye nyasi, ikakimbia, magurudumu hayaachi ardhi. Mashine inahema. Mwisho wa kiwanja ukaja, nikazima, nikaishia kwenye matuta ya viazi. Mkono uligonga chuma.

— Lakini gia nzito ndiyo inayookoa mafuta! Obedi akasema kwa uchungu. — Mimi natoka hapa mpaka Nyamagana kwa gia ya nne, petroli hata haijui kama imetumika.

— Na ukiondoa pikipiki kwa gia ya nne?

— Inazima.

— Basi hicho ndicho kilichonipata. Halafu jana palikuwa na joto, na huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi. Panga halikuwa na cha kushika.

Jitesh alikuwa anatikisa kichwa tangu mwanzo.

— Mimi nilisema panga tatu. Tangu mzee wangu Suresh afungue duka hili, feni zinazorudishwa ni za panga mbili. Ya tatu hairudi. Inazunguka kimya, mtu analala.

— Jitesh, mimi sitaki kulala.

— Utulivu, Rose! Panga tatu zina utulivu.

— Utulivu zinao. Lakini kila panga linapita kwenye hewa ambayo mwenzake kashaivuruga. Mbili zinavurugana kidogo kuliko tatu.

— Hapo umekosea, Mzee Chenge akaingilia, akiinua kidole kilichopinda kwa kamba za miaka mingi. — Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Weka sita.

— Sita, mzee? Rose akauliza.

— Meli yetu ilikuwa na nne, na ilibeba pamba, ng'ombe na wachungaji wawili wa kanisa. Nne zinabeba meli, sita zinashindwaje na kitambaa nilichoshona mwenyewe?

— Uzito wake je? Obedi akauliza. — Mimi nasema zipunguzwe. Tuchukue msumeno, tukate ncha kila upande. Bandu bandu huisha gogo.

— Gogo likiisha, utarukia nini?

— Mzee, hiyo ni methali tu.

— Na mimi nakujibu kwa mbao!

Luhende aliongeza kahawa. Mteja alikuwa ameingia dukani, mwanamama mwenye viatu vya mvua, akasimama na bando la waya mkononi akitazama nje. Jitesh alimwashiria kwa mkono kwamba anakuja, na hakwenda.

— Kama tatizo ni hewa kung'ang'ania panga, Obedi akasema, — tuzipake mafuta ya sangara. Yale mazito. Hewa inateleza.

— Na paka wote wa Kirumba wapande ndege, Jitesh akasema. — Sikilizeni. Petroli ya nini? Mabawa yale ni mapana. Tunatandaza sola juu yake, kama taa za wavuvi wa dagaa. Jua la Mwanza bure.

— Likiingia wingu? Obedi akauliza.

— Anashuka, anasubiri.

— Anashukia wapi, Jitesh? Majini?

Mzee Chenge alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa.

— Nimepata. Mafuta yanaishia njiani, si ndiyo? Basi njia tuiondoe. Tunaipakia ndege kwenye boti kubwa, tunaivusha mpaka Ukerewe ikiwa imelala, inaanzia kule. Mbebwa hujikaza.

— Hiyo boti inakunywa nini, mzee? Uji? Jitesh akauliza.

Obedi alionesha angani, juu ya mabati ya Mwaloni, ambako korongo watatu walikuwa wakizunguka bila kupiga bawa.

— Wale pale. Kutwa wako juu, hawajanunua hata nusu lita. Mimi nasema tuwafunge kamba.

Safari hii hata Luhende alicheka. Rose naye alianza kucheka, akakatisha. Akaweka kikombe chini.

— Naivunja, akasema.

Luhende akatua birika chini.

— Mashine nitaiuza. Mabomba kuna mtu wa mageti atayachukua. Nimekuja kuwaambia nyinyi kwanza, maana ni ya kwenu pia. Nimechoka. Jana, nilipoona yale matuta yanakuja, niliwaza mama. Ameshazika mtoto mmoja bila mwili.

Hakuhitaji kumtaja. Revocatus, mdogo wake Rose, alikuwa akikaa kwenye benchi lile lile, pembeni kabisa, miguu kanyoosha njiani mpaka wapita njia wanamlalamikia. Mashine ya mtumbwi wao ilizima nje ya Ukerewe, upepo ukawachukua. Maboti yalitafuta upande wa kusini, kumbe upepo ulishageuka. Mtumbwi ulipatikana baadaye sana, mtupu, umetulia kwenye matete kama uliofungwa na mwenyewe. Ndipo Rose aliponunua bomba la kwanza la aluminiamu. Aliwaambia watu wa benchi kwamba kutoka juu mtumbwi unaonekana hata kama upepo umebadili nia. Kinachotakiwa ni mtu wa kuwa juu.

— Mwanangu, Mzee Chenge akasema taratibu, — vidole vyangu vilitoka damu kwenye lile bawa la kulia.

— Najua, mzee. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe.

Hapo ndipo yule mwanamama wa dukani alipotoka barazani, bando la waya bado liko mkononi.

— Samahanini. Nimesubiri bei ya waya huu mpaka nimezijua habari zote za ndege. Naitwa Justa, nina mitumbwi kule Igombe. Naomba niulize kitu.

— Uliza, mama, Jitesh akasema kwa aibu, akisimama.

— Hiyo ndege inakimbilia wapi?

Lilikuwa swali jepesi kama la mtoto, na kila mmoja alifungua mdomo akitegemea jibu litakuwemo.

— Inakimbilia Ukerewe, Obedi akasema.

— Ukerewe kuna nini?

— Hakuna kitu. Yaani, inapita. Inakwenda kutafuta watu majini.

— Sasa mtu anatafuta huku anakimbia?

Justa akaegemea nguzo.

— Mwaka juzi vijana wangu walipotea. Nilipanda mwenyewe boti ya kuwatafuta. Kijana wa mashine kaifungua yote, tunapasua maji, mimi naona povu tu na machozi ya upepo. Tumepita huku, tumepita kule. Mafuta yakakaribia kuisha, nikamwambia punguza, twende mwendo wa kasia. Alipopunguza tu, nikasikia mtu anapiga dumu. Walikuwa upande wa nyuma yetu. Tulishawapita. Ndiyo maana nauliza. Nyinyi mmezungumza tangu niingie, gia, panga, mafuta ya sangara, na sijasikia mtu akisema hiyo haraka ni ya nini.

Rose alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Alihisi kitu kikilegea kifuani, kama boliti iliyogoma siku nyingi. Miaka yote hiyo alikuwa ameiuliza ndege swali la watu wa safari: nitafika umbali gani, kwa mwendo gani, kwa mafuta gani? Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo ndege zote alizozihudumia zilivyoulizwa. Zile zilikuwa na mahali pa kufika. Ya kwake haikuwa napo.

— Kukimbia ndiko kunakokunywa, akasema polepole. — Ukienda mbio hewa inakuwa ukuta, nusu ya mafuta unalipia ukuta. Mimi nilisimamisha panga ili nikimbie kwa bei rahisi. Kumbe sitaki kukimbia. Nataka kukaa.

— Kukaa wapi? Jitesh akauliza.

— Juu! Nikishafika, napunguza moto wa mashine mpaka ndege inatembea tu, inashikilia hewa kwa vidole. Kwa mwendo mdogo, panga lililosimama sana halifai, linaburura. Nalilaza. Siyo kama mwanzo, katikati. Na likilala kidogo, nyasi nazo ninaziacha mapema.

— Mwenda pole hajikwai, Mzee Chenge akasema, kisha akatazama kulia na kushoto. Methali yake ilikuwa imeangukia mahali pake, na alionekana kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenziwe kikamtosha.

Kahawa ya Rose ilipoa pale pale. Obedi alikuwa ameshawasha pikipiki.

Buswelu walifika wote, hata Justa, ambaye alisema waya unaweza kusubiri kama yeye alivyosubiri. Rose hakuharakisha. Kwanza alikagua ndege nzima kwa ajili ya yale matuta: magurudumu, mabomba ya tumbo, kila mshono wa Mzee Chenge. Propela aliifungua na kuikagua panga kwa panga, akipitisha ukucha kutafuta ufa, maana panga lenye ufa halitoi onyo. Hakuupata. Akalegeza boliti, akazilaza panga, akapima pembe za zote mbili mpaka zikalingana kabisa, akakaza. Halafu akasubiri mkono upone. Obedi alipita kila asubuhi kuuliza mkono umeamkaje, utafikiri ni mgonjwa wa pekee.

Siku ya kujaribu, wao walisimama pembeni mwa kiwanja. Ndege ilikimbia, na kabla Obedi hajamaliza kusema "inakuja", ilishaachana na nyasi. Rose hakuipeleka mbali. Aliizungusha upande wa ziwa, akapunguza moto hatua kwa hatua, mashine ikashusha sauti mpaka ikawa kama cherehani ya jirani. Chini yake aliona mitumbwi. Aliona kamba zilizoanikwa, aliona mtu anakung'uta wavu, aliona rangi ya shati lake. Alipokuwa akikimbia hakuwahi kuona shati.

Alipotua, Jitesh ndiye aliyetumbukiza kijiti kwenye tangi kupima mafuta. Akakitoa, akakitazama, akakitumbukiza tena.

— Kijiti kibovu, akasema.

— Nipe.

Rose alitumbukiza mwenyewe. Kililowa mpaka juu, mahali ambapo hawakuwahi kupaona baada ya muda mrefu hivyo angani. Mzee Chenge alikaa kwenye nyasi, akavua kofia, akaanza kujipepea nayo, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Simu ya Justa ilikuja msimu wa upepo, wakati Rose alishapewa ruhusa ya kuvuka maji. Mtumbwi wa jirani yake haukurudi, vijana wanne. Maboti yalishatoka. Rose aliwaarifu waongozaji wa ndege, akaruka, akatafuta mpaka tangi likamwambia rudi. Hakuona kitu. Maji yalikuwa na mikunjo myeupe, na kila mkunjo ulijifanya mtumbwi.

Kesho yake benchini watu walianza kuzungumza kwa "walikuwa". Mmoja alikuwa kijana mpole. Mwingine alikuwa anaoa mwezi ujao. Rose aliyasikia hayo alipopita kumchukua Obedi amsaidie kujaza mafuta. Hakukaa.

— Dada Rose, Obedi alisema wakati anainua dumu, — watu wa maboti wanasema hata wao leo wanatoka mara ya mwisho.

— Jaza.

Safari hii hakwenda walikopotelea. Alifuata upepo, akijiuliza ungempeleka wapi mtu asiye na nguvu tena ya kupiga kasia. Akapita Ukerewe, akashuka chini kidogo, akapunguza mwendo mpaka ndege ikawa inatembea. Akapanga ziwa kwa mistari, kama mtu anayelima: akimaliza tuta moja anageuza, anaanza la pili. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu na alikizoea hivyo. Macho yalimuuma. Alishakata matuta mengi alipoona kitu cha njano kinapanda na kushuka. Alidhani jua. Kikapanda tena. Lilikuwa dumu, limefungwa kwenye kasia, na kasia limeshikwa na mtu.

Alipiga kelele mwenyewe, peke yake, na hakujua alisema nini.

Aliwapa waongozaji mahali, nao wakawapigia watu wa maboti. Boti ilikuwa mbali. Zamani, kwa ndege ile ile, hapo angekuwa ameshageuza, na wale wanne wangeiona ikiondoka. Rose aliinamisha bawa, akaanza kuzunguka juu yao. Aliwahesabu: wote. Mmoja alikuwa amelala, lakini ndege ilipopita tena aliinua mkono. Walipunga mwanzoni, wakapunga sana, halafu walipoona haendi popote wakaacha kupunga. Wakakaa. Mmoja akajilaza na kichwa chake kwenye paja la mwenziwe. Rose alizunguka, akazunguka, mashine inanong'ona, mpaka boti ikaonekana inakuja na mkia mweupe.

Yule aliyeshika kasia alikuwa kijana wa Kisukuma aitwaye Ngosha. Alitoka hospitali, ngozi ya midomo bado inabanduka, akauliza njia mpaka akafika kwenye baraza la Jitesh. Alikuta benchi zima lipo na Rose yupo. Alisalimia wakubwa, akakataa kukaa, akapewa kahawa akiwa amesimama. Obedi alishaanza kueleza kwamba siri yote ni gia. Jitesh alikuwa anampinga. Mzee Chenge alikuwa ametaja tayari yale mabawa na nani aliyeyashona.

Ngosha alisikiliza kwa adabu mpaka pakawa na upenyo.

— Dada, akamwambia Rose, — nina swali. Siku ya kwanza tulikuona kwa mbali sana. Ukageuza, ukaondoka. Mwenzetu mmoja akasema basi, imekwisha, huwa hawarudi mara ya pili. Kesho yake ukarudi. Ulijuaje kwamba bado tuko hai?

Obedi alitazama mitaro. Jitesh alitazama feni zake.

Rose alimtazama kijana yule: shingo nyembamba, shati jipya lenye mikunjo ya dukani.

— Sikujua, akasema.

Ngosha aliitikia kwa kichwa. Akanywa kahawa yake yote, taratibu, mpaka machicha. Kisha akaja akakaa pembeni kabisa mwa benchi, akanyoosha miguu njiani, na wapita njia wakaanza kumlalamikia.